"NI", "NDIO" NA "MFANO": JINSI KANISA KATOLIKI LISOMAVYO MANENO YA BWANA

Mama mmoja auzaye vitenge Kariakoo, Mlutheri aliyeolewa na Mkatoliki, aliniuliza swali ambalo wanafunzi wetu wa theolojia huliuliza kwa maneno makali zaidi. Mume wake, alisema, akisomewa habari ya Karamu ya mwisho, husisitiza kwamba Bwana alisema mkate ni mwili wake, na neno la Bwana halipunguzwi. Lakini akionyeshwa Mathayo 23:9, Bwana akatazapo kumwita mtu awaye yote duniani baba, hujibu kwamba hiyo ni lugha ya mfano. "Sasa Mchungaji," akauliza, "wenzetu wanachagua tu?" Hakuuliza kwa kushindana. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amefikia umri wa mafundisho, na wazazi walikuwa hawajapatana aende kujifunza kwa padri au kwetu.

Swali la namna hiyo lina uzito wa pekee katika jiji letu. Katika miaka ya 1980 na 1990 mihadhara ya dini ilivuta umati katika viwanja vya Dar es Salaam, na Biblia ikasomwa hadharani aya kwa aya, mara nyingi na Waislamu walioijua vizuri. Mkristo aliyeshindwa kueleza kwa nini aya hii aishike kama ilivyoandikwa na ile aiite fumbo aliondoka ameinamisha kichwa. Baadhi ya wahubiri wetu walijifunza pale ushindani kuliko ufafanuzi, na hata leo huutumia ushindani huo dhidi ya Wakatoliki. Makala hii yakusudia kueleza kwa haki jinsi ndugu zetu wa Kanisa Katoliki wanavyoamua, kisha kuonyesha mahali ambapo kweli tunaachana nao.

Hatuna budi kuanza na istilahi, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Sisi tusemapo "neno kwa neno", twafikiri juu ya umbo la nje la maneno. Wanatheolojia wa Kikatoliki wasemapo "maana ya maneno yenyewe", wanakusudia kile ambacho mwandishi, akiongozwa na Roho, alitaka kusema kwa maneno hayo. Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alitoa mfano ulio wazi: Maandiko yanapotaja mkono wa Mungu, maana ya maneno yenyewe si kwamba Mungu ana kiungo cha mwili, bali ni uwezo wake wa kutenda. Kwa hiyo istiari haipingani na maana ya maneno. Istiari yaweza kuwa ndiyo maana yenyewe. Mfanyabiashara wa Kariakoo akisema amekula hasara, hakuna amwulizaye ilikuwa na ladha gani. Amesema kweli, naye ameeleweka mara moja.

Juu ya msingi huo Kanisa la kale lilijenga maana ya kiroho yenye matawi matatu: imani, mwenendo na mambo ya mwisho. Mfano uliozoeleka ni Yerusalemu, ambao ni mji wa Wayahudi, na pia Kanisa, na nafsi ya mwamini, na mji wa mbinguni. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 imeurudia mpango huo, lakini kwa sharti la Tomaso kwamba maana zote zisimame juu ya maana ya maneno. Sharti hilo halikushikwa sikuzote. Mwaka 1302 Papa Bonifasi wa Nane alizitumia panga mbili za Luka 22:38 kutetea mamlaka ya Kanisa juu ya wafalme, na kwa maoni yangu sijui kama mitume waliokuwa na panga zile wangeyatambua mafundisho hayo. Tangu waraka wa Papa Pio wa Kumi na Mbili wa mwaka 1943, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Ufunuo, wafafanuzi wa Kikatoliki wanaagizwa kuchunguza aina ya uandishi, lugha na mazingira ya mwandishi. Mwaka 1993 Tume ya Kipapa ya Biblia iliukemea wazi usomaji unaong'ang'ania herufi na kuikataa historia. Anayedhani kwamba padri wa Kikatoliki analazimika kuamini siku sita za saa ishirini na nne katika Mwanzo 1 amechelewa sana.

Sasa tuje kwenye meza ya Bwana, ambako jambo ni zito. Biblia yetu ya Union Version imetumia hapo "ndio", neno lenye mkazo kuliko "ni" tupu. Mwanafunzi mmoja alidhani mkazo huo unamaliza ubishi. Bahati mbaya Biblia ile ile inatumia "ndimi" pale Bwana ajiitapo mlango na mzabibu, wala hakuna aliyemtafutia bawaba. Sarufi peke yake haiamui, iwe ya Kiswahili au ya Kiyunani. Hoja hiyo ilikuwa silaha ya Zwingli alipokutana na Luther mjini Marburg mwaka 1529: "ni" laweza kusomwa "inaashiria". Luther, yasimuliwa, alikuwa ameyaandika maneno ya Bwana mezani kwa chaki, akakataa kuondoka hapo. Twapaswa kukumbuka basi kwamba katika jambo hili Mlutheri amesimama upande mmoja na Mkatoliki. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 10, linakiri mwili na damu ya Kristo vilivyopo kweli. Tunachokataa ni maelezo ya Mtaguso wa Lateran wa mwaka 1215 na wa Trento mwaka 1551 kwamba uhalisi wa mkate hugeuzwa wote, ukabaki mwonekano tu. Hayo ni maelezo ya namna, nasi hatuyahitaji ili kuamini neno.

Kwa nini basi Mkatoliki asiseme juu ya mwili kama asemavyo juu ya mlango? Hoja yake kubwa ni Yohana 6. Wasikilizaji walipokwazwa, Bwana hakuwatuliza kwa kusema ni fumbo. Kuanzia mstari wa 54 Kiyunani kinaleta kitenzi cha kutafuna, jambo ambalo Kiswahili chetu cha "kula" hakionyeshi, na wengi wakaondoka akiwaacha waende. Huongeza hoja nyingine ambayo msomaji wa pwani ataipenda. Katika lugha za Mashariki kula nyama ya mtu kulikuwa tayari na maana ya mfano, nayo ni mbaya: kumdhuru au kumsengenya, kama Zaburi 27:2 inavyoonyesha. Jirani zetu Waislamu wanaielewa, kwa kuwa Kurani 49:12 inamfananisha msengenyaji na mtu alaye nyama ya nduguye aliyekufa. Kama Bwana angalitumia mfano uliozoeleka, wasema Wakatoliki, angalikuwa anawaahidi uzima wale wamsengenyao.

Hoja hiyo ni nzuri, lakini isibebeshwe mzigo kupita kiasi. Mstari wa 63 unasema juu ya roho itiayo uzima, na mstari wa 35 unaweka kuja na kuamini mahali pa kula na kunywa. Luther mwenyewe, mwaka 1520, alikana kwamba sura hiyo inahusu Sakramenti. Kardinali Kayetano, aliyemhoji huko Augsburg mwaka 1518, naye aliisoma kuwa habari ya imani. Tena Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, uliacha wazi tofauti za mababa juu ya sura hiyo. Mwanafunzi asemaye kwamba Roma imefunga kila aya asome tena.

Zipo chache zilizofungwa kweli. Mwaka 1547 Mtaguso huo ulimlaani anayegeuza maji ya Yohana 3:5 kuwa istiari, akidai kwamba ubatizo hauhitaji maji halisi. Hapo nasi hatuna neno la kupinga. Katekisimo Ndogo inasema maji pamoja na Neno.

Kuhusu "baba", Mkatoliki hajakimbilia mfano kwa kujiokoa. Anasoma Mathayo 23 yote, ambamo Bwana anakemea wapendao vyeo, kisha anamsoma Paulo ajiitaye baba wa Wakorintho (1 Kor. 4:15). Ni lugha ya kutia chumvi kwa makusudi, kama ile ya kung'oa jicho katika Mathayo 5:29. Sisi tuna sababu ya kunyamaza hapa. Ni kweli kwamba neno "padri" tumelipata kwa Wareno na maana yake ni baba. Lakini katika sharika zetu nani asiyesema "Baba Askofu"? Ndugu za Yesu katika Marko 6:3 ni mfano mwingine ambapo Kiswahili kimeficha ubishi, kwa kuwa "ndugu" kwetu ni pamoja na binamu na jamaa, kama Wakatoliki wanavyolielewa neno la Kiyunani. Na wengi wetu hushangaa wakiambiwa kwamba Luther alimwamini Mariamu kuwa bikira daima.

Basi tofauti haiko kati ya wanaosoma neno kwa neno na wanaosoma kwa mfano. Iko katika kuulizana nani atoe hukumu aya inapobishaniwa. Hati ya mwaka 1965 yasema kazi ya kufasiri kwa mamlaka imekabidhiwa kwa uongozi hai wa Kanisa, ingawa yakiri kwamba uongozi huo ni mtumishi wa Neno. Sisi twakiri kwamba Maandiko hujifasiri yenyewe, lililo gizani likiangazwa na lililo wazi. Naamini hivyo. Lakini katika usharika hutokea tukamwachia mwamini aya yake peke yake, naye akaipeleka apendako.

Yule mama nilimjibu kwamba hawachagui ovyo, na kwamba mumewe, juu ya mkate, yuko karibu nasi kuliko baadhi ya wahubiri anaowasikia mitaani. Akauliza: kama ni hivyo, mbona hawezi kukomunika na mumewe pale Mtakatifu Yosefu, ilhali kutoka Azania Front ni mwendo mfupi tu? Nikamwambia kwamba kwa Mkatoliki kupokea pale ni kukiri pia umoja na askofu na Papa. Kizuizi hakitoki katika neno "ndio". Alinyamaza, akakunja kitenge kimoja. Habari ya mtoto, alisema, watazungumza tena na mumewe, na safari hii wataanzia kwenye ubatizo, maana ule makanisa yote mawili yanautambua.