Mwana Akikaa Nje ya Chuo

Barua ya kumwita mwana chuoni ni habari njema, na katika nyumba nyingi za Kimali hupokewa kwa vigelegele. Baba huuliza ada ni kiasi gani, mama huuliza nguo gani zitanunuliwa, na jamaa huuliza atapita njia ipi mpaka Mwanza. Lakini liko swali moja ambalo wengi hulisahau mpaka kijana amekwisha kupanda basi: huko aendako atalala wapi?

Sisi tuliopita vyuo vya ualimu twayajua maisha ya bweni. Kengele hulia alfajiri, chakula hupikwa na mpishi wa chuo, taa huzimwa kwa saa iliyowekwa, na asiyeonekana huulizwa. Kwa hiyo mzazi hudhani kila chuo ndivyo kilivyo. Sivyo. Tazama Nyegezi, karibu na Mwanza. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous alianzisha pale chuo kidogo cha maendeleo ya jamii, na baadaye uandishi wa habari ukawa moja ya masomo yaliyokipatia sifa. Mwaka 1998 chuo hicho kilipandishwa kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Leo wanafunzi ni maelfu, na wengi wao hupanga vyumba katika nyumba za watu na hosteli za binafsi huko Malimbe, Sweya na Nyegezi yenyewe.

Dar es Salaam nako ni vivyo hivyo. Chuo Kikuu kilianza mwaka 1961 kwa somo la sheria tu, na wanafunzi wake hawakufika ishirini. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, mabweni yakajengwa pamoja na madarasa. Kadiri nchi ilivyoongeza shule, wanafunzi walizidi vitanda. Mwaka 2017 yalifunguliwa pale mabweni mapya ya watu 3,840, na bado wengine hawana budi kutafuta vyumba mitaani. Basi kukaa nje ya chuo si dalili ya utukutu wa mwana. Mara nyingi ni upungufu wa nafasi tu.

Yafaa basi tujitayarishe. Kwanza, fedha. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima, tena kabla ya kuingia. Masomo huanza karibu na Oktoba au Novemba, wakati fedha ya pamba katika nyumba nyingi imekwisha kutumika, na ng'ombe auzwaye mnadani kwa haraka huuzwa kwa bei ya chini. Anayejua mapema huweka akiba ya kodi mara tu pamba inapolipwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Wako wanaopata mkopo wa Serikali, ambao ndani yake imo fedha ya chakula na malazi. Hiyo humfikia mwanafunzi mwenyewe, tena kwa mikupuo. Kijana ambaye hajapata kushika fedha nyingi kwa mara moja huona kama ametajirika. Ananunua simu mpya na viatu, na mwezi wa pili anakula mlo mmoja kwa siku. Mwambie mwanao agawe fedha kwa majuma siku ile ile aipatapo. Tena mkumbushe kwamba ni deni: akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka liishe.

Pili, chumba chenyewe. Usikubali kulipa kwa maneno ya simu. Kama una ndugu mjini, mwombe akakitazame. Je, mlango una kitasa cha kufaa? Maji yako karibu? Njia ya kurudi kutoka maktaba usiku ina taa? Umeme ni wa mita moja kwa wapangaji wote, na kama ndivyo, kila mmoja hulipa kiasi gani? Miezi ya likizo ndefu nayo inalipiwa? Haya yote yaandikwe katika mkataba, na stakabadhi ya kodi itunzwe. Kisha kijana aende kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa, ili siku ya shida asiwe mgeni asiyejulikana. Barua ya utambulisho kutoka kijijini au parokiani humsaidia sana.

Tatu, usalama. Jiko la mkaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, hata wakati wa mvua na baridi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala huweza kufa bila kujua.

Sasa niseme neno kwa wenye mabinti, ingawa wavulana nao wana mitego yao. Binti akiishiwa na kodi, si ajabu akatokea mtu mzima mwenye maneno matamu, akajitolea kulipa. Fadhili hiyo ina bei, na bei yake yaweza kuwa masomo yote. Wazazi twapenda kumwonya binti kwa ukali, lakini ukali peke yake huziba mlango. Mwana anayejua kwamba ng'ombe wa mwisho aliuzwa kwa ajili yake huona haya kusema nyumbani kwamba ana njaa. Hunyamaza, akatafuta msaada kwingine. Basi mwambie kabla hajaondoka: “Ukipungukiwa, nipigie mimi kwanza. Sitakugombeza.” Na akipiga, timiza neno lako, hata kama huna ila gunia la michembe la kupakia kwenye basi.

Hata hivyo tusiogope kupita kiasi. Kijana akaaye nje hujifunza kupika, kupanga matumizi, kuelewana na jirani na kuamka bila kengele. Wawili wenye tabia njema wakishirikiana chumba, kodi hupungua, na mmoja akiugua yuko wa kumpeleka hospitali. Elimu hiyo haina cheti, lakini ndiyo itakayomfaa siku atakapopangiwa kazi ugenini.

Msomaji mpendwa, kama nyumbani kwako yuko kijana aliye kidato cha tano au cha sita, anza sasa. Jioni moja, baada ya ugali, keti naye muandike pamoja hesabu ya chumba, chakula, nauli na madaftari, hata kama safari bado ni mbali. Mpe na sufuria apike mwenyewe juma zima. Ni heri unga uungulie jikoni mwa mama yake kuliko ugenini asikokuwa na wa kumwelekeza.