Riwaya si faili la mahakama

Wajukuu wetu wanaosoma fasihi hukariri vizuri: msuko, wahusika, mandhari, dhamira. Lakini akishika *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978, si ajabu barza ya nyumbani ikachafuka. Babu asema, "Sisi hatukuishi hivyo." Mjukuu hana la kujibu.

Kinachosahauliwa hapo ni mtazamo, yaani hadithi inaonwa kwa macho ya nani. Shafi amechagua kusimama karibu na watumishi na wakulima wa Unguja, wakati wa Mapinduzi ya 1964. Fuad, mwenye mashamba, twamtazama kutoka jikoni na kondeni. Lau angesimulia Fuad mwenyewe, matukio yangebaki yale yale, ila dhamira ingegeuka.

Mtazame na Kijakazi, mtumishi anayemtii bwana wake hata akidhulumiwa. Kwa mwanafunzi huyu ndiye mhusika wa kuandikiwa insha, maana kitabu chaenda huku, yeye avuta kule, na mgogoro hupatikana hapo. Pasipo mgogoro msuko huwa orodha tu, mfano wa ile rejista ya barua niliyoijaza afisini miaka na miaka.

Basi babu akikasirika, mjukuu asimbishie, wala asikifunge kitabu. Amwulize kwa adabu: "Babu, nyumba ile ile, wewe ungeisimulia kwa macho ya nani?" Kisha achukue kalamu aandike.