Ugomvi wa Mawasii

Msafiri atokaye Mombasa kwa njia ya Voi, akishaiacha Taveta nyuma na kuelekea Loitokitok, hupita Rombo, nchi ya Wamasai iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro. Akiendelea hadi Kajiado na Kitengela, bado yumo katika nchi yao. Wengi wetu wa pwani hudhani kuwa Mmasai na Kajiado ni pete na kidole, na kwamba hakuwa na kwao kwingine. Sivyo. Malisho yake yalifika Naivasha, Nakuru na nyanda za Laikipia. Alibanwa kusini kwa uchu wa walowezi, hilo linajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba wakubwa wa Serikali ya kikoloni waligombana wao kwa wao juu ya nchi hiyo, na namna ugomvi wao ulivyomalizwa ndiyo ya kutazamwa.

Kamishna na naibu wake

Mwanzoni mwa mwaka 1901 Sir Charles Eliot alishika kazi ya Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki. Siku hizo makao makuu yalikuwa papa hapa Mombasa. Alikuwa mtu wa elimu, mjuzi wa lugha nyingi. Mwaka huo huo reli ilifika Ziwa Viktoria, nayo ilikuwa imekula zaidi ya pauni milioni 5. Eliot aliona kuwa deni hilo halilipiki ila kwa kuwaleta Wazungu walime Bonde la Ufa.

Basi akataka kuwapa watu wawili waliotoka Afrika Kusini, Chamberlain na Flemmer, eka 32,000 kila mmoja katika bonde hilo. Naibu wake, Frederick Jackson, mwenyeji wa nchi hizi kwa miaka mingi, akapinga. Alisema hayo ndiyo malisho bora ya Wamasai, na kuyatoa ni kuwadhulumu na kuchokoza vita. Eliot naye hakuficha yake: hakutaka Wamasai watengewe nchi yao peke yao, alitaka Wazungu wachanganywe nao, na desturi za Kimasai zife.

Ungetarajia wakubwa hao wakae kitako, wawaite wazee wa Kimasai, wasikilizane. Haikuwa hivyo. Jackson alikwenda Uingereza likizoni, akayafikisha maneno yake katika Wizara ya Mambo ya Nje. Waziri, Lord Lansdowne, akamkataza Eliot kutoa ardhi ile. Lakini Wizara hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuikubalia kampuni moja ya Kiingereza, East Africa Syndicate, maili 500 za mraba katika bonde lile lile! Eliot akahamaki. Mwezi wa Juni 1904 akapeleka telegramu kwa Waziri Mkuu, Balfour, kwamba anajiuzulu. Barua zao zikapigwa chapa, zikawekwa mbele ya Bunge la London.

Nani alishinda?

Kwa juu juu Jackson alishinda, maana rai ya kuwatengea Wamasai nchi yao ndiyo iliyofuatwa. Lakini tazama ushindi huo ulivyokuwa. Agosti 1904 Kamishna mpya, Sir Donald Stewart, alifanya mapatano na Laibon Olonana na wazee wengine. Wamasai wakahama Bonde la Ufa, wakagawanywa mafungu mawili: wengine Laikipia, wengine kusini ya reli, katika nchi ambayo leo ni Kajiado. Waliahidiwa kuwa nchi hizo ni zao maadamu kabila lao lipo duniani. Eliot alishindwa, Jackson akashinda, na bonde likaenda kwa walowezi vile vile.

Ahadi hiyo ya milele haikumaliza miaka 7. Gavana Sir Percy Girouard, aliyekuja mwaka 1909, alitaka Wamasai wa Laikipia nao wapelekwe kusini. Uhamisho ulianza bila idhini kamili ya London. Aprili 1910 ikaja telegramu ya kuusimamisha. Baada ya mwaka mmoja, Aprili 1911, Olonana akiwa amekwisha kufariki, yakatiwa sahihi mapatano mapya. Kisha London ikamhoji Girouard kama alikuwa amewaahidi walowezi ardhi ya Laikipia kabla Wamasai hawajatoka. Akakana. Yalipofichuka yaliyofichuka, akajiuzulu mwaka 1912. Na safari ya Wamasai je? Iliendelea. Watu wapatao 10,000, na mifugo isiyo na idadi, wakasukumwa kusini.

Mwenye mali alipotaka kusema

Katika sheria zetu wasii ni mtu aliyewekwa kuangalia mali ya yatima. Mawasii wawili wakigombana, kadhi hatosheki kujua nani kati yao ana adabu zaidi. Atauliza: mali iko wapi, na mwenyewe yuko wapi? Mmasai hakuwa yatima. Alikuwa mtu mzima mwenye mali yake. Serikali ndiyo iliyomfanya yatima, kisha mawasii wakagombana mbele yake kwa lugha asiyoijua.

Naye alipotaka kusema mwenyewe, alisema kwa njia ya haki. Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake walimshitaki Mwanasheria Mkuu. Mahakama haikupima kama wamedhulumiwa au la. Ilisema mapatano yale ni mkataba baina ya Serikali na taifa jingine, na kwa hiyo si jambo la kuamuliwa na mahakama ya Himaya. Rufani nayo ikatupwa. Siku ya kuhamishwa Mmasai alikuwa raia wa kuamrishwa. Siku ya kudai haki akawa mgeni.

Wakubwa wale hawakuharibikiwa. Eliot aliishia kuwa balozi wa Uingereza nchini Japani. Jackson alifanywa Gavana wa Uganda. Girouard alipata kazi katika kampuni kubwa ya silaha. Aliyehamishwa kwa hasira ni daktari wa Serikali, Norman Leys, aliyewatetea Wamasai, alipelekwa Nyasaland.

Agosti 2004, miaka 100 baada ya mapatano ya kwanza, Wamasai waliandamana kudai nchi yao. Si ajabu. Shauri ambalo mwenyewe hakusikizwa halijaisha, hata kama mafaili yake yamefungwa. Nasi wa pwani, ambao ukanda wetu nao uliandikiwa mapatano mwaka 1895 baina ya Sultani na Waingereza, tunalo la kujifunza kwa jirani zetu wa Rombo na Kajiado. Wakubwa wakigombana juu ya ardhi yako, usikimbilie kumshangilia mmoja wao. Uliza kwanza kama jina lako limo katika shauri.