Majeraha 21 Yasiyoandikwa

Askari wa handakini walikuwa na sauti moja waliyoijua hata usingizini: kach, kach, ya koleo likikata seng'enge. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ukingoni mwa msitu wa Argonne huko Ufaransa, kijana mmoja aitwaye Henry Johnson aliisikia. Alikuwa lindoni na mwenzake, Needham Roberts. Mbele yao palikuwa na Wajerumani, na kilichowatenganisha ni hiyo seng'enge. Mtu anayekuja kuikata usiku wa manane hakuja kuomba chumvi.

Kabla sijawaeleza kilichofuata, mjueni kwanza Johnson mwenyewe. Alizaliwa North Carolina, kusini mwa Marekani, akahamia mji wa Albany, jimbo la New York, akiwa bado kijana. Kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya abiria stesheni ya treni. Hakuwa na umbo la kutisha: kimo chake futi 5 na inchi 4, uzito wake haukufika kilo 60. Juni 1917 alijiunga na kikosi cha Wamarekani weusi wa New York, ambacho baadaye kikaitwa Rejimenti ya 369.

Jeshi la Marekani siku hizo liliwatenga weusi na weupe. Weusi wengi waliovushwa bahari walikabidhiwa makoleo badala ya bunduki: wapakue meli, wajenge barabara, wazike maiti. Rejimenti ya 369 iliponea chupuchupu kwa njia ya ajabu kidogo. Wakubwa wa Marekani waliiazima kwa jeshi la Ufaransa! Wafaransa walikuwa wamepoteza watu wengi mno kuanza kuuliza habari za rangi ya ngozi. Wakawapa kofia zao za chuma na bunduki zao, wakawapeleka mstari wa mbele. Hizo bunduki zikumbukeni, zitatuletea balaa sasa hivi.

Turudi handakini. Johnson alirusha bomu la mkono kule ilikotoka sauti, na giza lote likajibu. Wajerumani walikuwa 12 au zaidi. Roberts aliumia vibaya mapema, hakuweza kusimama, lakini aliendelea kumpitishia mwenzake mabomu akiwa amelala chini. Mabomu yakaisha. Johnson akashika bunduki, akafyatua, kisha kwa haraka akapachika risasi za Kimarekani kwenye bunduki ya Kifaransa. Ikakwama. Akaigeuza, akaanza kupiga watu vichwa kwa kitako mpaka kitako chenyewe kikapasuka.

Hapo akaona Wajerumani wawili wamembeba Roberts, mmoja mabegani na mmoja miguuni, wanataka kuondoka naye mateka. Kiunoni Johnson alikuwa na bolo, kisu kizito cha bapa pana, karibu sawa na panga fupi. Aliwavamia nacho. Roberts hakuchukuliwa. Wale waliobaki walikimbia wakiburuta wenzao, na kulipokucha zikaonekana maiti nne na michirizi ya damu ikirudi upande wa Wajerumani.

Johnson alikuwa na majeraha 21. Risasi, vipande vya mabomu, visu. Mguu wake wa kushoto ulivunjika vibaya hata madaktari wakauwekea bamba la chuma. Wafaransa hawakusitasita: wakawapa yeye na Roberts nishani yao ya ushujaa iitwayo Croix de Guerre, nao wakawa miongoni mwa askari wa kwanza wa jeshi la Marekani kuivaa katika vita hivyo. Ya Johnson iliongezewa kitawi cha mtende.

Tarehe 17 Februari 1919 rejimenti yao iliandamana New York, mtaa wa Fifth Avenue, bendi ikitangulia na watu wamejaa pande zote mbili. Johnson, ambaye mguu haukumruhusu kutembea na wenzake, alisimama ndani ya gari la wazi akipungia watu. Jeshi likatumia sura yake kuvutia vijana wajiandikishe. Baadaye Theodore Roosevelt Mdogo, mtoto wa yule rais, akamtaja katika kitabu chake kuwa mmoja wa Wamarekani watano waliokuwa mashujaa kupita wote katika vita vile. Ungedhani nchi nzima inajua alivyoumia.

Nchi ilijua. Cheti chake cha kuachishwa jeshi ndicho hakikujua.

Hapa inabidi niwaeleze kitu ambacho vitabu vya vita hukiruka kwa sababu hakina moshi wala baruti. Kila askari ana jalada lake serikalini. Ndani yake huandikwa siku aliyojiunga, vyeo alivyopanda, vikosi alivyotumikia, alivyougua na alivyoumia. Anapoachishwa hupewa cheti ambacho ni muhtasari wa jalada hilo. Tangu siku hiyo, karani atakayemhudumia hatamtazama kovu, atatazama karatasi. Ni kama rejesta ya darasani: ukiwa umeketi dawati la mbele na mwalimu amekuwekea alama ya kutofika, mwisho wa muhula rejesta ndiyo inayosomwa.

Cheti cha Johnson hakikutaja jeraha hata moja kati ya yale 21. Bila maandishi hayo, majeraha yake hayakuwa na fidia. Kazi yake ya zamani stesheni ilidai mtu wa kusimama kutwa na kuinua masanduku, na mguu wenye bamba la chuma hauwezi hayo. Maisha yakamwendea kombo. Alifariki Julai 1929, akiwa bado katika umri wa miaka ya thelathini.

Miaka mitatu baadaye, Februari 1932, Marekani ilianzisha upya nishani iliyokuwa imeasisiwa na George Washington, sasa wakiwapa waliojeruhiwa vitani. Inaitwa Moyo wa Zambarau, nayo kweli ina umbo la moyo wa rangi hiyo, na sura ya Washington katikati. Waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia waliruhusiwa kuiomba. Johnson alikuwa kaburini, na hata angekuwa hai, angekwenda na cheti gani?

Je, karatasi ya jeshi ikikosea haisahihishwi? Husahihishwa. Mwaka 1946 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozaa bodi za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, na wanaoketi kwenye bodi hizo ni raia. Askari mstaafu hujaza fomu aeleze kosa liko wapi. Akiwa amekufa, ndugu zake wanaweza kuomba. Sheria inataka ombi lifike ndani ya miaka mitatu tangu kosa ligunduliwe, ila bodi ikiona haki inadai hivyo, inaweza kusamehe ucheleweshaji.

Kazi ngumu ni ushahidi. Kwa Moyo wa Zambarau, haitoshi kuonyesha kwamba uliumia ukiwa vitani. Lazima ijulikane kwamba jeraha lilitokana na adui, na kwamba lilihitaji tiba ya mganga. Aliyeteguka kifundo cha mguu akicheza mpira kambini hapati kitu. Basi mzee wa miaka 80 anaanza kutafuta: kadi ya hospitali, ripoti ya kila asubuhi ambayo kikosi kiliandika nani yupo na nani amelazwa, barua aliyomwandikia mama yake, maelezo yaliyotiwa saini na mwenzake aliyekuwa naye siku ile. Na wenzake, kila mwaka unaopita, wanapungua.

Wengine kilichowashinda ni moto. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za jeshi karibu na jiji la St. Louis liliungua, yakapotea majalada kati ya milioni 16 na 18. Kwa jeshi la nchi kavu, karibu asilimia 80 ya majalada ya walioachishwa kati ya mwaka 1912 na 1960 yaliteketea. Mimi naona ni ukatili kumwambia mtu alete karatasi ambayo wewe mwenyewe, uliyekabidhiwa kuitunza, umeipoteza. Ndiyo maana ile barua kwa mama huwa na thamani kuliko wengi wanavyodhani.

Msidhani hayo ni ya Marekani tu. Vita hivyohivyo alivyopigana Johnson vilipiganwa kwetu pia, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi walibebeshwa mizigo ya majeshi porini, wakafa kwa homa, njaa na kuhara. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Johnson walau alikuwa na jalada la kusahihishwa.

Hata hivyo, lilisahihishwa taratibu mno. Askari wastaafu wa Albany walilishikilia jambo lake miaka nenda miaka rudi, wakiwasumbua wabunge na maafisa. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton akampa Moyo wa Zambarau, miaka 78 baada ya kuumia. Mwaka 2002 ikafuata nishani ya pili kwa ukubwa ya ushujaa. Kaburi lake pia lilipatikana. Watu waliamini alizikwa kimaskini mahali pasipojulikana, kumbe alikuwa Arlington, kwenye makaburi ya heshima ya taifa, ila ameandikwa William Henry Johnson. Hata humo jina lilikuwa limewapoteza watafutaji!

Ikabaki nishani kubwa kuliko zote, Nishani ya Heshima. Ofisi ya Seneta Chuck Schumer wa New York ilichimbua nyaraka za 1918, mojawapo ikiwa taarifa ya Jenerali Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Ufaransa, iliyosimulia mapambano ya usiku ule. Muda wa kisheria wa kutoa nishani ulikuwa umepita zamani, hivyo Bunge likalazimika kuuondoa kwa ajili yake. Rais Barack Obama akaitoa Ikulu tarehe 2 Juni 2015.

Nani aipokee? Kwa miaka mingi familia moja iliamini baba yao mzee, askari mstaafu wa Vita vya Pili vya Dunia, ni mtoto wa Johnson. Mzee huyo alitumia nguvu zake za uzeeni kulipigania jina la mtu aliyemwita baba. Lakini jeshi lilipochunguza nasaba kabla ya sherehe, kwenye vyeti vya zamani halikuona undugu wa damu. Watafiti waliopekua karatasi ili Johnson apate haki yake wakawa wamemkosesha mrithi. Rais akamkabidhi nishani Louis Wilson, sajini meja wa jeshi la akiba la New York, aipokee kwa niaba yake.