Altrasaundi si ya Wajawazito Peke Yao

Mwezi huu tuzungumzie jambo linalozisumbua familia nyingi zenye mgonjwa mahututi. Mgonjwa ametolewa huku kwetu Haneti akiwa hajitambui, labda kwa ajali ya pikipiki, labda kwa kiharusi au kifafa cha mimba. Amefikishwa hospitali kubwa mjini Dodoma, akawekewa mashine ya kupumulia. Siku ya nne au ya tano ndugu wanaambiwa kwamba amepandisha homa na kwamba huenda ni nimonia. Hapo manung'uniko huanza. Alikuja na ugonjwa wa kichwa, hicho kichomi amekipata wapi?

Swali hilo ni la haki na linastahili kujibiwa. Mtu mzima wa afya analindwa na kikohozi chake. Mate yakienda njia ya hewa anakohoa, yanatoka. Mgonjwa wa mashine amepitishiwa mpira mdomoni hadi kwenye koo la hewa, naye hawezi kukohoa sawasawa. Mpira huo una kiputo kidogo kinachojazwa hewa ili kuziba pembeni, lakini mate yenye vijidudu hukusanyika juu ya kiputo na kupenya kidogo kidogo kuelekea mapafuni. Nimonia ikianza baada ya saa 48 za kuwa kwenye mashine, waganga huihesabu kuwa imetokana na hali hiyo ya kupumuliwa. Inaweza kutokea hata katika hospitali nzuri, hapa kwetu na Ulaya pia, ingawa uangalizi mwema huipunguza sana.

Ugumu uko katika kuitambua. Mgonjwa hasemi kwamba kifua kinamchoma. Homa yaweza kutoka kwenye kidonda, kwenye mkojo, au hata kwenye damu iliyovuja kichwani. Makohozi machafu kwenye mpira ni ya kawaida kwa wagonjwa hawa. Picha ya eksirei husaidia, lakini kumpeleka mgonjwa chumba cha eksirei pamoja na mipira yake ni hatari, maana mpira wa hewa ukichomoka njiani ni dakika chache tu. Mashine ya eksirei ya kusukumwa hadi kitandani nayo hutoa picha ya mtu aliyelala chali, ambamo maji, makohozi na pafu lililonywea huonekana kama kivuli kimoja.

Ndiyo maana siku hizi daktari wa wagonjwa mahututi anaweza kuleta altrasaundi kitandani. Mama mmoja alipomwona daktari akimpaka mume wake jeli ubavuni, alinivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, kwani mzee wangu wanamtafutia mimba?" Nilicheka naye kidogo, kisha nikamweleza. Hata sisi tuliosoma uuguzi miaka ya 1990 tulifundishwa kwamba altrasaundi haina kazi kwenye mapafu, kwa sababu sauti yake haipiti kwenye hewa, na pafu ni hewa tupu.

Habari hiyo ya hewa ni kweli, na humo ndimo ulimo ufunguo. Kila aliyewahi kuchinja mbuzi anajua kwamba pafu likitiwa kwenye sufuria ya maji huelea, na ini huzama. Wafugaji wanaijua pia homa ya mapafu ya ng'ombe: ukimpasua mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huo, pafu lake ni zito na gumu, linakaribia kufanana na ini. Nimonia kali humfanyia binadamu vivyo hivyo. Vifuko vya hewa hujaa usaha na maji, na hewa hutoka. Sasa ile sauti iliyokuwa ikigonga hewa na kurudi inapata mahali pa kupita, na pafu bovu linaonekana kwenye kioo waziwazi, likiwa na sura ya ini.

Pafu zima lina sura yake. Daktari huona mstari mweupe unaong'aa, ambao ni utando wa pafu, ukiteleza huku na huku kwa kila pumzi, na chini yake mistari ya kulala inayojirudia. Maji yakianza kuingia, hushuka mistari ya kusimama, kama miali ya tochi gizani. Pafu likijaa kabisa, ndipo ile sura ya ini huonekana, mara nyingi ikiwa na kingo zilizochanika.

Lakini pafu linaweza kuwa kama ini bila kuwa na nimonia. Bonge la makohozi likiziba njia, hewa iliyobaki nyuma yake hunyonywa na pafu hunywea. Hapa altrasaundi ina jambo ambalo picha ya eksirei haiwezi kulionyesha, kwa kuwa eksirei ni picha iliyoganda. Ndani ya pafu lenye nimonia, vijitawi vya njia ya hewa huonekana vikimeremeta weupe, na hewa hiyo hutembea mgonjwa anapovuta pumzi. Njia ikiwa imezibwa, kwa kawaida hewa iliyomo haitembei. Mwaka 2016 ulitolewa utafiti wa wagonjwa 99 wa mashine waliodhaniwa kuwa na nimonia, na dalili hiyo ya hewa inayotembea ilikuwa miongoni mwa zilizosaidia zaidi kuwatenga wenye nimonia na wasio nayo.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mwenye nimonia akicheleweshewa dawa ya kuua vijidudu anaweza kufa. Aliyezibwa na makohozi anahitaji kuvutwa makohozi, kugeuzwa na kufanyiwa mazoezi ya kifua. Ukimpa dawa kali za kuua vijidudu bila sababu unamaliza fedha za familia na kuvizoeza vijidudu dawa hizo, na siku akizihitaji kweli hazitamsaidia.

Aliyeifikisha mbali kazi hii ni daktari Mfaransa, Daniel Lichtenstein. Mwaka 2004 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kulinganisha njia tatu kwa wagonjwa mahututi wa mapafu. Katika kutambua sehemu ya pafu iliyojaa na kuwa ngumu, kusikiliza kwa stetoskopu kulipata ukweli kwa asilimia 36, eksirei ya kitandani asilimia 75, na altrasaundi asilimia 97. Sisi tunaotembea na stetoskopu shingoni kama mkufu tulisoma tarakimu hizo kwa unyenyekevu.

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya Ulaya tu. Kigali, Rwanda, katika hospitali ya chuo kikuu, waganga waliwachunguza wagonjwa 1,046 kwa majuma sita, wakitafuta ule ugonjwa mkali ambao mapafu yote mawili hujaa maji ghafla, na ambao mara nyingi huletwa na nimonia. Kwa masharti ya kimataifa yaliyotolewa mwaka 2012 na kuitwa ya Berlin, yaliyodai mashine ya kupumulia na vipimo vya gesi katika damu, hakuna hata mmoja ambaye angehesabiwa kuwa nao. Walipokubali altrasaundi mahali pa eksirei, na kifaa cha kubana kidoleni mahali pa kipimo cha damu, walipatikana 42, na nusu yao walikufa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Mwaka 2023 wataalamu wa nchi mbalimbali walipotoa maana mpya ya ugonjwa huo, altrasaundi ilikubaliwa. Kwa maoni yangu, hapo Afrika Mashariki iliufundisha ulimwengu.

Hata hivyo tusiifanye altrasaundi kuwa mganga. Huona ugonjwa uliofika kwenye utando wa pafu tu. Ulio katikati, uliozungukwa na hewa, haionyeshi. Mgonjwa mnene sana, au mwenye bandeji kubwa kifuani, hupimika kwa shida. Haitaji jina la kijidudu, hivyo makohozi lazima yapelekwe maabara yaoteshwe. Na zaidi ya yote, inategemea macho na mkono wa anayeishika. Mashine nzuri kwa mtu asiyefundishwa huleta majibu ya kubahatisha. Kichwa chake kisiposafishwa kwa dawa kati ya mgonjwa na mgonjwa, nacho hubeba vijidudu.

Familia nayo ina sehemu yake. Kitanda cha mgonjwa wa mashine huinuliwa upande wa kichwa, digrii 30 hadi 45, ili vya tumboni visipande kooni. Nimeona ndugu wakiomba kitanda kishushwe "alale vizuri", nao wanafanya hivyo kwa upendo. Msikishushe. Msimtie uji wala maji mdomoni, hata kijiko kimoja, hata kama midomo imekauka. Mwambieni muuguzi, ataisafisha na kuilainisha, na kusafisha kinywa ni sehemu ya kuzuia nimonia. Nawieni mikono kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa.

Mkiambiwa kuna nimonia, mna haki ya kuuliza kwa heshima: Daktari, imejulikanaje? Makohozi yamepelekwa maabara? Dawa hii itatazamwa tena siku gani? Mnaweza kuuliza pia kama leo amejaribiwa kupumua mwenyewe, maana kila siku inayopungua kwenye mashine inampunguzia hatari.

Kipimo chenyewe hakina mionzi wala maumivu na kinaweza kurudiwa kesho kuona kama pafu linafunguka. Huchukua muda mfupi, na mnaweza kuombwa msubiri nje. Mkirudi mkakuta ubavu wake una utelezi, ni jeli tu, hufutika kwa kitambaa.