Lugha ya Ziwa Lisilo Kwenye Ramani

Ziwa langu lina visiwa saba, koo tatu na mfalme mmoja mzee. Ni ziwa la kubuni. Riwaya yake ninaiandika kwa Kiswahili usiku, nikishamaliza kusahihisha insha za wanafunzi hapa Kisumu. Mizimu na vita vilikuja vyenyewe; kilichonikwamisha ni vinywa vya watu. Mvuvi, mganga na mfalme wote walizungumza Kiswahili cha darasani, kana kwamba walizaliwa nyumba moja.

Nikaanza kuwabunia maneno. Nilitupia herufi ovyo, konsonanti tatu kwa mpigo, ili lugha isikike ya kigeni. Binti yangu alisoma kurasa mbili akaniuliza, "Mama, hawa wanaongea au wanakohoa?" Nilizichana.

Dawa niliikuta ufukweni Dunga, kwa wanawake wanaouza omena. Samaki huyo mdogo akifika Mwanza huitwa dagaa, na upande wa Uganda ni mukene. Mbuta wetu ni sangara kwa Watanzania. Ziwa lenyewe ni Nam Lolwe kwa Wajaluo na Nalubaale kwa Waganda. Maji ni yaleyale, lakini kila ufuo una kinywa chake. Nikaelewa kwamba kabla ya kubuni neno ni lazima nijue nani anamuuzia nani samaki, na nani ameoa kwa nani.

Ndoa hasa. Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano walikuwa na lugha yao ya Kibantu. Kwa kuoana na kuishi na Wajaluo wengi wao wakahamia Dholuo, Rusinga zaidi kuliko Mfangano. Kwa hiyo kisiwa changu cha mbali kabisa ndicho kilichobaki na lugha ya kale, na vijana wake huijibu kwa lugha ya bara.

Kisha kuna kanuni. Katika Dholuo mlima ni got, milima ni gode. Jiwe ni kidi, mawe ni kite. Shamba ni puodho, mashamba ni puothe. Tazama inavyopinduka: t inakuwa d, d inakuwa t, dh inakuwa th. Hata kitabu, neno lililokuja na Kiswahili kutoka Kiarabu, limetiwa adabu: wingi wake ni kitepe. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo, na watoto huishika bila kufundishwa. Lugha ya kubuni huaminika msomaji akihisi kanuni ya namna hiyo, hata kama hawezi kuitaja. Mimi nilijiwekea moja: nyile ni samaki angali majini, nyila ni huyohuyo akishatua mtumbwini. Kila kiumbe wa maji hubadilisha irabu akiguswa na hewa. Kanuni hiyo moja ilinizalia maneno mengi kuliko miezi yote ya kutupa herufi.

Wakubwa wa kazi hii hufanya vivyo hivyo. Mwandishi Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein mwaka 1892, aliijenga lugha yake ya kubuni, Kikwenya, kwa kupenda sauti za Kifini. Ufalme wa kubuni wa Wakanda katika filamu ya Black Panther, ya mwaka 2018, ulipewa Kixhosa kwa sababu John Kani, aliyecheza mfalme T'Chaka miaka miwili kabla, alikileta kutoka kwao Afrika Kusini. Lupita Nyong'o, ambaye kwao ni huku kwetu Kisumu, alilazimika kujifunza. Lililonivutia zaidi ni watu wa milimani, Wajabari: lafudhi yao ilifuata Kiigbo. Ufalme mmoja, lafudhi mbili, na mtazamaji anajua mara moja nani ametoka wapi.

Lakini mwaka 1983, katika filamu ya Return of the Jedi, rubani wa sayari ya mbali alipewa sauti ya mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, akisema Kikuyu na Kikalenjin. Kwa dunia yalikuwa makelele ya nyota. Wakenya wenye lugha hizo waliketi sinema wakaelewa maneno yake. Hilo linaniuma hadi leo. Lugha ya mtu si mlio wa kuazima.

Nami nilikuwa na deni la kulipa. Shuleni nilikosomea nilichekwa kwa kusema sule na samba. Dholuo haina sh; ulimi wa mtoto humchukua jirani aliye karibu, ambaye ni s. Hiyo ni kanuni kama ile ya got na gode, lakini mwalimu aliiita uzembe, na darasa zima likacheka. Baadaye niliisikia lafudhi hiyohiyo redioni, kila mara ikipewa bawabu mjinga. Dana, bibi yangu mzaa baba, alizungumza hivyo, na alijua dalili za mvua kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

Wewe unayeandika hadithi ya dunia ya kubuni, kabla hujagawa lafudhi angalia nani umempa upumbavu na nani umempa hekima, kwa maana msomaji mwenye lafudhi hiyo atajitafuta humo. Mfalme wa ziwa langu hana sh kinywani. Mswada unakwenda kwa mhariri hivyo hivyo, na hapo sitakubali aguse herufi hata moja.