Saketi za masafa ya juu zikifuatana: desibeli hazijumlishwi tu



Wapo wengi kwenye fani ya mawasiliano wanaouliza: ukiwa na saketi mbili tatu zinazofuatana, ya kwanza ikiilisha ya pili, uzieleze kwa vigezo gani? Jibu langu fupi: pima kwa S, zidisha kwa T au ABCD. Sasa nieleze kwa nini.

Wengi wetu tulianza na Z, Y na h. Ili kuvipata vigezo hivyo lazima mlango mmoja wa saketi uuache wazi au uupige shoti. Kwenye masafa ya chini hakuna taabu. Ukifika gigahezi mambo yanageuka: ncha iliyo wazi inavujisha mawimbi kama antena ndogo, waya wa shoti unafanya kazi kama koili, na transista inaweza kuanza kuzalisha mawimbi yenyewe. Hapo vipimo vyote ni bure. Kwa S unafunga milango kwa mzigo wa omu 50, unatuma wimbi, kisha unaangalia limerudi kiasi gani na limepita kiasi gani. Hewlett-Packard walipotoa mashine yao ya 8410 mwaka 1967, upimaji huu ukaanza kuwa kazi ya kawaida maabara.

Tatizo ni kwamba matriksi za S hazizidishwi moja kwa moja. Kati ya saketi A na B wimbi linarudi na kwenda, linarudi na kwenda. Kwa hiyo:

S21 ya jumla = (S21 ya A × S21 ya B) ÷ (1 − S22 ya A × S11 ya B)

Chukua amplifaya mbili, kila moja ya desibeli 10. Mtu wa haraka atasema jumla ni 20. Lakini kama S22 ya A na S11 ya B zote zina ukubwa wa 0.5, zao lake ni 0.25, na kigawanyo kitakuwa kati ya 0.75 na 1.25 kufuatana na fezi. Yaani utapata chochote kati ya desibeli 18.1 na 22.5! Badilisha urefu wa kebo iliyo katikati, na jibu linahama.

Sasa, T au ABCD? Mimi nafuata hivi:

1. Kama vyote vimepimwa kwa omu 50, geuza S kuwa T, zidisha kwa mpangilio wa saketi zenyewe, halafu rudi kwenye S. Angalia kitabu chako: T inaandikwa kwa namna zaidi ya moja, na ukizichanganya umeharibu kazi.

2. Kama kuna koili, kapasita na kebo za impedansi tofauti, tumia ABCD. Yenyewe inashika volti na mkondo, haidai omu ya marejeo. Kumbuka tu kwamba kuunganisha 75 na 50 peke yake kunaleta akisi ya 0.2.

3. Chahadhari na chujio linalozuia sana. T na ABCD zote hupatikana kwa kugawanya kwa S21. Ikikaribia sifuri, namba zinafura na usahihi unapotea. Hapo ni bora ubaki na fomula ya S hapo juu.

Kompyuta itakufanyia hesabu yote hii, sawa, lakini haitakuambia kama umeipa vigezo visivyofaa. Wenye ujuzi zaidi waongeze.